Picha ya Kifua: Mazungumzo na Wamama wa Kliniki

Wenye watoto wa kunyonya mnyonyeshe tu, hamtanisumbua. Waliotoka mbali, poleni na safari. Wenzangu wanapanga mizani, basi sisi tuzungumze kidogo.

Leo sitasema juu ya uji wala juu ya chandarua. Nitasema juu ya kile chumba cha mwisho, chenye mlango mzito na taa nyekundu juu yake. Mwaka uliopita, wakati wa jua kali, mama mmoja aliketi mbele ya mlango ule tangu asubuhi, na mtoto wake wa miezi 14. Mtoto alikuwa anakohoa zaidi ya wiki tatu, na uzito wake ulikuwa umesimama. Kwenye fishi yake ule mstari ulikuwa umelala chini kama nyoka. Nilipoita jina lao, hawakuwepo. Nikawakuta pale kwenye bomba la maji, mama anafunga mtoto mgongoni arudi nyumbani. Akaniambia: «Mama infirmye, mi naogopa. Wanasema ile mashine inakausha maziwa. Na mutoto akiingia mule, atatoka na ugonjwa mupya.»

Nikaketi pamoja naye chini. Yale niliyomwambia ndiyo nitakayowaambia na ninyi. Na yaliyompata yule mtoto, nitayasema mbele.

Kwanza, jina. Tunasema «kupiga radio», lakini si ile radio ya kusikiliza habari. Ni mashine ya kupiga picha ya ndani ya mwili. Mtu aliyegundua nguvu yake ni Mjerumani, Wilhelm Röntgen, mwaka 1895. Hakuwa munganga, alikuwa mwalimu wa fizikia. Moja ya picha zake za kwanza ilikuwa mkono wa bibi yake: mifupa ya vidole inaonekana, na pete yake nyeusi juu ya kidole. Basi mwenye kuingia wa kwanza alikuwa mke wa mtu, kama ninyi. Na yeye pia aliogopa alipoona mifupa yake mwenyewe.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Ukishika kikwembe mbele ya dirisha, mwanga unapita. Ukishika ubao, mwanga haupiti. Mashine inatoa mwanga wa namna nyingine, ambao macho hayauoni, na mwanga huo unapita katika mwili wa mtu. Mfupa unaukamata sana, kwa hiyo kwenye picha mfupa ni mweupe. Hewa haiukamati, kwa hiyo penye hewa ni peusi. Nyama, damu na maji viko katikati, kama rangi ya majivu. Sasa fikirini: mapafu ya mtu mzima wa afya yamejaa hewa. Kwa hiyo kwenye picha nzuri ya kifua tunaona mapafu mawili meusi, mbavu nyeupe zikiyazunguka, na moyo katikati, umeegemea upande wa kushoto. Munganga akiona weupe mahali ambapo pangekuwa peusi, anajua kuna kitu kimekalia nafasi ya hewa. Inaweza kuwa usaha wa homa ya mapafu. Inaweza kuwa maji nje ya pafu. Hayo yanakusanyika chini kama maji ndani ya beseni. Na pafu likitobolewa na ugonjwa, tunaona shimo jeusi lenye ukingo mweupe. Moyo ukipanuka kupita kiasi, hata huo unaonekana.

Lakini picha haisemi jina la ugonjwa. Hilo ningependa mlisikie vizuri. Picha inasema: «Hapa kuna kitu.» Vidudu vya namna mbili vinaweza kufanya kivuli cha namna moja. Hata kidonda cha zamani kilichopona kinaacha alama, kama vile kovu la mguu, na mtu anaweza kuwa nayo mpaka uzee wake bila ugonjwa wowote. Ndiyo sababu munganga anauliza maswali mengi, anasikiliza kifua, anaomba makohozi. Wengine wanakasirika: «Nimelipa radio, maswali haya ni ya nini?» Picha bila maswali ni nusu ya kazi. Tena picha si dawa. Kuna wazee wanaokuja wakisema, «Unipige radio, kifua kinanichoma, nitapona.» Hawatapona kwa picha. Wakipona, ni kwa dawa iliyofuata.

Sasa ile hofu. Mashine haikaushi maziwa. Ule mwanga unapita na kuisha palepale, haubaki ndani ya mama wala ndani ya ziwa lake. Unaweza kutoka katika kile chumba na kunyonyesha mtoto mlangoni. Baba mmoja aliyefanya kazi Katanga siku za zamani alinibishia sana. Akasema, «Mimi najua mawe ya Shinkolobwe, yale hayazimiki, yanachoma mtu pole pole.» Ni kweli, Shinkolobwe mawe ya uraniamu yalichimbwa, na jiwe la namna ile haliwezi kuzimwa. Lakini mashine yetu ni kama taa. Fundi akibonyeza, inawaka muda mfupi kuliko kukonyeza jicho, kisha imezima. Umeme ukikatika, ile mashine ni chuma tu, hata kuku anaweza kulala juu yake.

Je, ule mwanga hauna ubaya kabisa? Sitawadanganya. Ukiwa mwingi, mara nyingi, unaweza kudhuru. Ndiyo sababu fundi anajificha nyuma ya ukuta: yeye anapiga picha za watu wengi kila siku, mwaka kwa mwaka. Wewe unapata picha moja. Mwanga wa picha moja ya kifua ni sawasawa na ule ambao mwili wako unapata kwa siku kama 10, au chini yake, kutoka katika udongo, mawe na anga, maana vitu hivyo navyo vinatoa kidogo kidogo bila sisi kujua. Basi hatupigi picha kwa mchezo, lakini mtoto mgonjwa asinyimwe picha kwa sababu ya hofu.

Mwenye mimba, au asiyeona siku zake na hana hakika, aseme mbele ya kuingia. Asione haya. Ikiwezekana kungoja, tutangoja. Ikiwa ugonjwa haungoji, tutapiga kifua tu, na tumbo litafunikwa au litawekwa mbali na njia ya mwanga. Kinachofika kwa mtoto wa tumboni ni kidogo sana. Ila mwenye mimba asiingie kushika mtoto wa mwingine. Atafutwe baba, au shangazi.

Sasa niseme jambo ambalo pengine fundi wetu hatalipenda. Si kila kikohozi kinataka radio. Nimeona familia inauza mbuzi ili kulipa picha, na wakati wanatafuta mnunuzi mtoto anapumua kama mbwa aliyekimbia. Homa ya mapafu ya mtoto mdogo inajulikana kwa macho na kwa saa. Mtoto akiwa ametulia, hajalia, funua kifua chake uhesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Kutoka miezi 2 mpaka hajatimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kutoka mwaka 1 mpaka hajatimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Usipokuwa na saa, linganisha na dada yake wa umri wa karibu, halafu uje. Na kama unaona nyama chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au midomo imegeuka rangi, au amelegea hajui mama yake, usingoje asubuhi, usingoje baba watoto arudi. Huyo anatakiwa kupata dawa na hewa ya oksijeni upesi. Picha itafuata ikihitajika.

Basi picha inahitajika lini? Ni pale dawa ya homa ya mapafu imeshatolewa vizuri na mtoto hapati nafuu. Ni pale kikohozi kimepita wiki mbili na uzito haupandi. Ni pale upande mmoja wa kifua unasikika kama umefungwa. Na ni pale mtoto amemeza au amevuta kitu.

Juu ya hilo la mwisho nina kisa. Kijana wa miaka miwili aliletwa kwetu na kikohozi cha wiki tatu. Walikuwa wamempa dawa mara mbili mahali pengine. Homa inashuka, inarudi. Tukapiga picha. Hatukuona kitu cheupe. Pafu moja lilikuwa jeusi kupita lingine, tena limevimba, limesukuma moyo pembeni. Munganga akauliza mama: «Alikula nini siku kikohozi kilipoanza?» Mama akafikiri, akashika mdomo. Walikuwa wanakaanga karanga. Mtoto alikuwa anakula akikimbia, akaanguka, akakabwa, akakohoa mpaka machozi, kisha akatulia. Wakacheka, wakasahau. Ile karanga ilikuwa imeingia njia ya hewa na kukaa pale kama mlango wa upande mmoja: hewa inaingia, haitoki. Karanga yenyewe haionekani kwenye picha, maana ni laini kama nyama. Kilichoonekana ni hewa iliyofungwa. Akatumwa hospitali kubwa ya mjini, wakaitoa kwa chombo chenye taa kinachopita kooni. Tangu siku ile mimi nyumbani kwangu karanga ni za watu wenye meno yote, na watu waketi.

Franga ya chuma inaonekana mara moja, mviringo mweupe kama mwezi. Lakini muangalie sana zile piles ndogo bapa za saa na za vitu vya kuchezea vya siku hizi. Kwenye picha zinafanana na franga, lakini ikikwama kooni inachoma nyama kwa saa chache tu. Mtoto akimeza ile, siku ileile, saa ileile, njoo. Usingoje itoke chooni.

Sasa nirudi kwa yule mama wa kwenye bomba la maji.

Alikubali kuingia. Mtoto alilia sana, nasi hatukumnyamazisha, maana anayelia anavuta pumzi ndefu, na fundi anavizia pumzi hiyo. Picha ikatoka. Mapafu yenyewe hayakuwa mabaya sana. Lakini karibu na moyo, pale njia za hewa zinapoingia katika pafu, palikuwa na mavimbe, weupe kama mayai madogo. Munganga akaitazama, akaweka chini. Hakusema kitu juu ya mtoto. Akauliza: «Mama, ni nani anayekohoa nyumbani?»

Mama akanyamaza. Akatazama mlango.

Nyinyi wamama mnajua kwa nini alinyamaza. Aliyekuwa anakohoa ni mama mukwe wake, tangu miezi mingi. Ndiye aliyebaki na mtoto kila siku wakati mama yuko shambani; analala naye, anamlisha. Watu wa mtaa walisema ni moshi wa jikoni, wengine wakasema mengine ambayo sitayasema hapa. Je, binti aliyeolewa atamwambia mama mukwe wake nini? «Wewe ndiye unayemwua mjukuu wako»? Angepigwa na maneno mpaka ndoa ivunjike.

Kifua kikuu cha mtoto mdogo karibu kila mara kinatoka kwa mtu mzima wa karibu. Mtoto ni kama moshi juu ya nyumba: unauona moshi, unajua ndani kuna moto. Hiyo ndiyo sababu munganga aliuliza vile. Picha ya mtoto ilikuwa inaonyesha mtu mwingine.

Hatukumtuma mama kubeba maneno hayo. Tulimwandikia karatasi, kwamba munganga anataka kuonana na yule anayekaa na mtoto mchana, ili amfasirie namna ya kumlisha. Haikuwa uongo, maana hilo nalo lilitakiwa. Nyanya akaja siku ya tatu yake, amevaa vizuri, amekasirika kidogo. Munganga alimpa kiti, akamsalimia kwa heshima yake, akamwuliza habari za mashamba. Kisha akamwomba makohozi. Si mate, wamama. Mate ni ya mdomo. Makohozi yanatoka chini kifuani. Unavuta pumzi ndefu, unakohoa kwa nguvu, nje, penye upepo, mbali na watu. Siku hizi kuna mashine ya maabara, GeneXpert, ambayo inatafuta kidudu cha kifua kikuu ndani ya makohozi kwa saa zisizofika mbili, na inasema kama dawa ya kawaida, rifampisini, itakishinda. Vidudu vikapatikana. Picha ya nyanya ilionyesha shimo juu ya pafu la kuume, kubwa kama limau.

Na mtoto? Mtoto mdogo hajui kutema makohozi, anayameza. Kwa hiyo OMS inakubali kupima mavi ya mtoto katika mashine ileile. Wengi wanacheka nikisema hivi; chekeni tu, lakini mkiombwa, mlete. Tena msishangae majibu ya mavi yakisema hakuna kidudu na munganga bado anatoa dawa. Katika watoto vidudu ni vichache na vinajificha. Munganga anaweka pamoja picha, uzito, kikohozi na yule mgonjwa wa nyumbani, kisha anaamua.

Nyanya alimeza dawa miezi 6. Mtoto, kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa mwepesi, alimeza miezi 4. Watoto wengine wawili wa nyumba ile, wasio na ugonjwa lakini walio chini ya miaka 5, walipewa dawa ya kuwakinga. Dawa za kifua kikuu katika nchi yetu ni za bure. Akikuuzia mtu, mwulize maswali. Wote waliulizwa pia kupima damu kwa ajili ya SIDA, maana magonjwa haya mawili yanapenda kutembea pamoja, na kupima si kushitakiwa.

Siku ya kwanza nyanya alilia. Alisema, «Basi mimi ndiye niliyemla mutoto.» Munganga akajibu kwamba hakuna aliyemla mtoto, ni kidudu, na kidudu hicho yeye naye alikipata kwa mtu asiyemjua. Yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia haya, ila jina nisilitaje. Sasa ndiye anayegombeza watu wa mtaa wake wakikohoa wiki mbili bila kuja.

Mtauliza, kwa nini basi tusipige radio kwa watu wote wa mtaa? Mahali pengine wanafanya hivyo. Kuna mashine ndogo inayobebwa katika mfuko, yenye betri, na kompyuta inayoweka alama penye wasiwasi. OMS imeikubali kompyuta hiyo tangu mwaka 2021, lakini kwa watu wa miaka 15 na zaidi tu. Kwa watoto bado jicho la munganga ndilo linalotakiwa. Na hata kompyuta ikionyesha alama, makohozi yatapimwa. Wababa wanaochimba katika mashimo yenye vumbi la mawe, hao ningependa wapimwe mbele ya wengine. Waambieni.

Mkija siku ya radio, niwaombe mambo machache. Nywele zilizosukwa kwa nyuzi au zenye shanga, mzifunge juu kabisa ya kichwa, maana zikilala mabegani zinafanya kivuli palepale juu ya pafu, mahali ambapo kifua kikuu kinapenda kukaa. Tumekwisha kuogopeshwa na msuko wa nywele mara nyingi. Mkufu, pini, vifungo vya chuma, kamba ya dawa shingoni kwa mtoto, vyote vitatoka. Sitauliza nani alifunga ile kamba. Nitaiweka mkononi mwako na utaifunga tena ukitaka. Mtoto atashikwa mikono juu, pande mbili za kichwa. Inaonekana kama tunamtesa, lakini akijikunja picha inaharibika na tutarudia, na kurudia ni mwanga mwingine na franga nyingine.

Picha ukipewa, usiikunje, usiiweke juani wala penye mvua. Nimeona picha ya mapafu imezibishwa dirisha la jiko! Iweke bapa, katikati ya kikapu cha nguo, na uilete kila unapokuja, hata ukienda hospitali nyingine, maana munganga anataka kuweka ya zamani kando ya mpya aone kama ule weupe unapungua. Kwetu sasa picha nyingine zinabaki ndani ya kompyuta; basi leta ile karatasi yenye namba, usiitupe.

Naona mizani iko tayari. Mwenye mtoto aliyekohoa kupita wiki mbili, asipange mstari wa mizani kwanza, aje hapa kwangu upande huu wa mwembe. Na yule ambaye nyumbani kwake kuna mzee anayekohoa na hajui aanzie wapi kumwambia, aje pia. Ile karatasi ya munganga tutaiandika pamoja.